Kujaza Jina si Kumjua Mwandishi

Ni michache michezo ya akili iliyoenea upesi duniani kama fumbo la maneno, lile ambalo baadhi yetu huliita chemshabongo. Msomaji hupewa mraba uliogawanywa katika vijumba vyeupe na vyeusi. Pembeni huwekwa vidokezo vyenye nambari, vingine vya kwenda kulia na vingine vya kwenda chini. Naye hutakiwa kutia herufi moja katika kila kijumba cheupe, mpaka maneno yote yakutane bila kugombana. Sina ugomvi na mchezo huu. Ugomvi wangu ni na aina moja ya kidokezo kilichomo ndani yake, na imani iliyozaliwa na kidokezo hicho. Aina yenyewe ni hii: “Mwanahistoria wa Kenya, herufi nne”, “Mtunzi wa Sauti ya Dhiki, herufi saba”, “Baba wa historia, herufi tisa.” Imani yenyewe ni kwamba kijana awezaye kujaza majibu ya namna hii ameijua historia na ameijua fasihi. Nasema kwamba imani hii ni ya uongo, kwamba inawadhuru wanafunzi, na kwamba dawa yake imo mikononi mwako wewe usomaye ukurasa huu.

Tuanze kwa haki. Fumbo la maneno la namna tuijuayo lilichapishwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba, 1913, katika gazeti la New York World la Marekani. Mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool katika Uingereza, na umbo lake halikuwa la mraba bali la almasi. Mwaka 1924 kilitolewa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, na Wamarekani wakashikwa na wazimu wa penseli na vifutio. Gazeti la The New York Times liliudharau mchezo huo wakati ule, likauhesabu kuwa ni upotevu wa muda. Lakini mwaka 1942 lenyewe likaanza kuuchapisha. The Times la London lilikuwa limekwisha kuukubali tangu mwaka 1930. Kitu kilichowashinda nguvu hata waliokidharau hakiwezi kuwa kibovu chote.

Wala si kibovu. Fumbo la maneno hufundisha tahajia, kwa sababu herufi moja iliyokosewa huharibu maneno mawili. Hufundisha msamiati, na hufundisha subira, tunu ambayo vijana wengi huihitaji kuliko msamiati. Katika Kiswahili lina faida nyingine tena: kidokezo kikitajwa katika wingi, jibu nalo huwa katika wingi; kwa hiyo mwenye kuzijua ngeli za majina huanza na herufi moja au mbili mkononi kabla hajafikiri sana. Kama fumbo lingejipa kazi hiyo peke yake, mimi ningekuwa mtetezi wake wa kwanza.

Watetezi wa vidokezo vya majina wana hoja, nami nitaitaja kwa ukamilifu nisije nikadhaniwa napigana na kivuli. Wao husema: kijana huchoshwa na kitabu kinene, bali mchezo haumchoshi, akikutana na jina la mwandishi mara tano katika mafumbo, jina hilo litaganda akilini mwake, na likishaganda, siku moja atakitafuta kitabu chenyewe. Kwa hiyo mchezo ni mlango wa elimu. Ni hoja tamu kuisikia. Kasoro yake ni kwamba mlango huu umetiwa katika ukuta usio na chumba nyuma yake. Kidokezo hakimwombi kijana avuke jina. Jina likipatikana kazi imekwisha, na kalamu huhamia nambari nyingine.

Tazama jinsi jina linavyopatikana. Chukua kile kidokezo cha “Mwanahistoria wa Kenya, herufi nne”. Tuseme jibu lake linakwenda kulia, na kutoka katika kila herufi yake linashuka neno jingine. La kwanza kidokezo chake ni “jisafishe kwa maji”: oga. La pili ni “chombo cha kusafiria barabarani”: gari. La tatu ni “pika mkate”: oka. La nne ni “kitu kitoacho mwanga”: taa. Mtoto wa darasa la tatu anayajua maneno hayo yote. Akisha kuyaandika, na atazame kulia: O, G, O, T. Amempata Profesa Bethwell Ogot bila kumjua, bila kusikia habari zake, hata bila kukisia! Tutamsifu kwa lipi? Alichokijua ni gari na taa.

Na upungufu hauishii hapo. Badili kidokezo, uandike, “Mwandishi wa hadithi wa Kenya, herufi nne.” Jibu ni lile lile, na vijumba ni vile vile, lakini mtu ni mwingine kabisa. Huyu sasa ni Grace Ogot, mkewe Bethwell, waliyeoana naye mwaka 1959. Mume alitoa mwaka 1967 kitabu cha historia ya Wajaluo wa kusini, ambacho kwa sehemu kubwa alikijenga juu ya mapokeo aliyoyakusanya kwa wazee. Mke alitoa mwaka 1966 riwaya ya The Promised Land, inayosimulia habari za mume na mke Wajaluo waliohamia Tanganyika kutafuta ardhi, na mambo yaliyowapata huko. Yeye ndiye aliyeandika pia kwa Kijaluo, lugha ya kwao. Mmoja aliuliza, “Watu hawa walitoka wapi, nasi twajuaje?” Wa pili aliuliza, “Mtu akihama kwao, huhama na nini moyoni?” Haya ni maswali mawili makubwa, kazi za maisha ya watu wawili, na fumbo limeyatia katika vijumba vinne, likaridhika.

Ukubwa wa kazi ya Bethwell Ogot huonekana pale tu ukumbukapo maneno yaliyokuwa yakisemwa siku zile. Mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Oxford, alinena hadharani kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa, ila historia ya Wazungu waliofika Afrika; mengine yote kwake yalikuwa giza. Kitabu kilichotokana na vinywa vya wazee, kikapimwa ukoo kwa ukoo na simulizi kwa simulizi, ni jawabu la hoja kama hiyo. Ni jawabu kwa kazi, wala si kwa matusi. Je, kijana aliyeandika O, G, O, T anajua kwamba alikuwa anapita juu ya vita vikubwa namna hiyo? Hajui. Wala fumbo halikumwambia kwamba kuna la kujua.

Shitaka langu la pili ni hili: katika fumbo, mwandishi hachaguliwi kwa ubora wa kazi yake, bali kwa urefu wa jina lake. Mtungaji wa fumbo ana pengo la herufi nne mbele yake, naye hutafuta jina la kuliziba. Ndiyo maana wachezaji wa mafumbo ya Kiingereza humjua Bede, mtawa wa Jarrow aliyekamilisha historia ya kanisa la Waingereza mwaka 731, na humjua Livy wa Roma, ijapokuwa pengine hawajapata kufungua ukurasa mmoja wa vitabu vyao. Livy aliandika vitabu 142, navyo vilivyotufikia kwa ukamilifu wa kusomeka ni 35. Kazi ya umri mzima iliyopotea zaidi ya nusu ni jambo la kumsikitisha mtu yeyote apendaye elimu. Lakini kwa fumbo, Livy ni herufi nne zenye irabu moja katikati, basi.

Sasa geukia pwani yetu. Mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyeyatazama magofu ya Pate na fahari yake iliyokwisha, ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Hesabu herufi za jina lake: ni 27. Mraba wa kawaida wa fumbo la gazeti una vijumba 15 kwa 15. Mzee wetu hapati pa kuingia. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, ana herufi 21; naye hukataliwa mlangoni, au hukatwa akabakia “Kupona”, kana kwamba ni kitenzi. Majina ya watu wa pwani hubeba baba na babu, kwa sababu watu hao waliona kwamba mtu hajulikani mpaka ijulikane asili yake. Fumbo huona kinyume: mtu hajulikani mpaka apunguzwe. Kijana aliyelelewa na mafumbo atadhani kwamba wasiotajwa humo hawakuwa na neno la kusema, kumbe kosa lao ni kuitwa majina marefu!

Shitaka la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Kidokezo cha jina hutupa sifa ya mtu, kikatunyima ushahidi wa sifa hiyo. “Baba wa historia, herufi tisa.” Jibu ni Herodotus, Myunani wa karne ya tano kabla ya Kristo. Sifa hiyo alipewa na Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, miaka mia nne baadaye. Lakini ubaba wake ni nini? Fungua kitabu chake, utakuta habari ya mabaharia wa Foinike waliotumwa na Farao Neko wa Misri waizunguke Afrika, ambayo Wayunani waliiita Libya. Waliondoka kwa njia ya Bahari ya Shamu, wakarudi mwaka wa tatu kwa njia ya magharibi. Waliporudi walisema kwamba, walipokuwa wakiizunguka nchi hiyo, jua lilikuwa upande wao wa kulia. Herodotus aliandika kwamba yeye haliamini neno hilo, ingawa huenda mwingine akaliamini. Hata hivyo hakulifuta. Aliliacha pale pale, likatufikia.

Wewe, kijana wa Kenya, ambaye nchi yako imekatwa na mstari wa ikweta, unaweza kulipima neno hilo kuliko alivyoweza yeye. Mtu aliye kusini kabisa mwa Afrika, akisafiri kwa tanga kuelekea magharibi, huliona jua la mchana upande wa kaskazini, yaani kulia kwake. Jambo ambalo Herodotus alilikataa ndilo limewafanya wasomaji wengi wa baadaye waone kwamba huenda mabaharia wale walifika kweli. Hapo ndipo ulipo ubaba wake: kuandika alichosikia, kusema asichokiamini, na kumwachia msomaji hukumu. Somo hilo moja lina thamani kuliko majina mia ya wanahistoria. Lakini aliyejaza herufi tisa amepewa sifa bila somo, kama mtu aliyepewa ganda la nazi akaambiwa amekwisha kunywa madafu.

Huenda mtu akaniuliza, “Je, wazee wetu hawakupenda mafumbo?” Walipenda, tena sana, nami nawaita wazee hao mashahidi wangu. Mtu husema, “Kitendawili!” akajibiwa, “Tega!” Hutega: “Nyumba yangu haina mlango.” Jibu ni yai. Angalia kazi iliyofanywa na maneno hayo machache. Yamemlazimisha mtoto aligeuze yai akilini mwake, alione kuwa ni nyumba, alitafute mlango wake asiupate, astaajabu. Kitendawili humrudisha mtu kwenye kitu chenyewe. Akishindwa, hutoa mji, na mtegaji humfungulia maana mbele ya watu wote. Hapana anayeondoka na jibu asilolielewa. Kidokezo cha jina humfukuza mtu mbali na kitu, kikampa lebo yake. Basi wanaosema kwamba chemshabongo ya majina ni mrithi wa vitendawili vyetu wamekosea urithi.

Labda utasema kwamba nakuza neno dogo. Kwamba mchezo ni mchezo, na hapana aliyekufa kwa kujaza vijumba. Kumbe hatari ipo, nayo ni hii: ajuaye jina bila maneno ya mwenye jina ni mtu rahisi kudanganywa. Chukua “Mtunzi wa Sauti ya Dhiki, herufi saba”. Jibu ni Abdalla. Kidokezo hakisemi kwamba Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika mwaka 1968 kijikaratasi kilichouliza, “Kenya: Twendapi?”, kwamba kwa ajili hiyo alifungwa tangu 1969 hadi 1972, kwamba mashairi ya kitabu hicho aliyatunga kifungoni, wala kwamba kitabu kilipotoka mwaka 1973, mwaka uliofuata kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Anayeyajua hayo, na aliyeyasoma mashairi yenyewe, hawezi kubabaishwa. Siku mtu atakaposimama jukwaani akamtaja mshairi huyo kuwa shahidi wa jambo asilolisema, msomaji atainua mkono, aulize, “Katika shairi gani?” Mjaza vijumba atapiga makofi, kwa sababu jina amelisikia. Taifa lenye watu wengi wa kupiga makofi na wachache wa kuuliza huongozwa na kila mwenye sauti kubwa.

Na hapa lawama yafaa iwafikie walimu pia. Mtihani unaouliza, “Taja mwandishi wa kitabu hiki,” na kuishia hapo, ni fumbo la maneno lililovuliwa vijumba vyake. Unapima kama jina limeganda. Haupimi kama kitabu kimesomwa. Mwanafunzi hodari huelewa upesi kile anachodaiwa, akalipa hicho hicho tu. Akidaiwa majina atalipa majina. Tusimlaumu kwa uvivu, ikiwa sisi ndio tuliomwekea bei ndogo.

Najua jibu litakalotolewa: vitabu ni ghali, na shule nyingi zina nakala moja kwa wanafunzi wengi, ilhali fumbo hupatikana katika gazeti la jana lililofungiwa sukari. Hili ni kweli, wala silipuuzi. Lakini nakala moja ikisomwa kwa sauti huwafikia wote waliomo chumbani. Tenzi zetu za kale zilienea hivyo hivyo, kwa sauti za wachache na masikio ya wengi. Ukurasa mmoja wa mwandishi uliosikilizwa vizuri ni bora kuliko majina ishirini. Umaskini wa vitabu ni sababu ya kusoma kwa kugawana, wala si sababu ya kutosoma.

Basi tufanyeje? Sisemi fumbo litupwe. Nasema lifanyiwe masharti matatu, nayo hayahitaji fedha. Sharti la kwanza: kidokezo cha mwandishi kitungwe na mtu aliyemsoma, nacho kielekeze kwenye kazi yake. Badala ya “Mwanahistoria wa Kenya”, kiandikwe, “Aliwauliza wazee, akaiandika historia ya Wajaluo wa kusini.” Badala ya “Mtunzi wa kike wa zamani”, kiandikwe, “Mama mgonjwa aliyemwachia bintiye urithi wa beti.” Badala ya “Baba wa historia”, kiandikwe, “Hakuliamini neno la mabaharia, wala hakulificha.” Sharti la pili: fumbo likisha kujazwa, kila jina litetewe. Aliyelijaza aseme jambo moja ambalo mwandishi huyo alilisema au alilifanya, na aeleze amelijuaje. Akishindwa, jina lifutwe, hata kama herufi zake zote ni sahihi. Sharti la tatu ni bora kuliko mawili ya kwanza: acheni kungoja mafumbo ya wengine, mtunge yenu kutokana na kitabu mlichokimaliza wiki hii. Mtu hawezi kutunga kidokezo kizuri juu ya kitabu asichokisoma; akijaribu, wenzake waliokisoma watamwumbua mara moja.

Wahenga walisema, “Usione vyaelea, vimeundwa.” Majina ya waandishi huelea mbele yetu, mepesi, yakapita, lakini chini ya kila jina kuna mbao zilizochongwa kwa miaka, na misumari iliyopigwa usiku. Anayetaka kulijua jahazi hana budi kuingia ndani yake.

Kwa hiyo, msomaji wangu, siku utakapoletewa fumbo ukafika mahali ambapo herufi nne zimejitokeza zenyewe zikasoma O, G, O, T, weka kalamu chini kwanza. Jiulize: ni yupi kati ya wale wawili, naye alisema nini? Ukiwa na jawabu, andika kwa furaha, kwa maana umestahili. Ukikosa jawabu, acha vijumba vile vitupu mpaka umesoma. Kijumba kitupu hakikuaibishi; kinakuambia ukweli juu ya kazi iliyokubakia.